Njoo Uketi Upande wa Mdaiwa

Umepita Ndara jioni mara ngapi? Kama umezaliwa Voi, Sagalla au Maungu, swali hili litakuchekesha, kama kumuuliza mvuvi wa Vanga ameona bahari mara ngapi. Basi unajua kwamba jua likikaribia kutua humpiga usoni dereva anayetoka Mombasa, hata akishusha kofia hadi kwenye nyusi. Unajua lori likiharibika pale, taniboi hukata matawi na kuyatandaza juu ya lami badala ya kuweka pembetatu za kuakisi mwanga. Unajua ndovu hawana ratiba, na kwamba vumbi jekundu la Tsavo likimpaka mnyama, usiku humwoni mpaka uko chini ya miguu yake. Haya unayajua kama unavyojua njia ya kwenda mtoni, na hujawahi kufikiri kwamba kuna mtu angelipa pesa nzuri kuyajua.

Mtu huyo yupo. Ni wakili aliyeketi ofisini Mombasa au Nairobi na faili la ajali iliyotokea hapo kwenu. Mbele yake ana abstrakti ya polisi, mchoro wenye mistari minne, na maelezo ya dereva yaliyoandikwa na mtu mwingine. Anakisia. Kesho atapanda treni, atashuka stesheni ya Voi na mkoba wake, atasimama mbele ya hakimu na kumhoji shahidi juu ya barabara ambayo yeye ameiona kupitia dirisha tu.

Nataka wewe ukalie kiti chake.

Ninasema habari ya wakili wa utetezi katika kesi za madai, hasa kesi za dhima. Mtu ameumia, amefiwa au ameharibikiwa na mali, anasema kosa ni la fulani, anataka fidia. Huyo fulani naye ana haki ya mtu wa kumsemea. Mwanasheria wa upande wa mdai tunamfahamu. Akishinda, habari zinafika sokoni kabla ya hukumu kupigwa muhuri. Wa upande wa pili tunamwita "wakili wa bima", tena kwa sauti ile tunayomwitia askari wa kaunti anayekusanya ushuru. Msichana wa Wundanyi akitangaza kwamba atakuwa wakili, shangazi zake humwona tayari amesimama upande wa mjane na mayatima. Sijakutana na shangazi aliyemwona mpwa wake amesimama upande wa mwenye lori.

Lakini hebu tumtazame huyo mdaiwa wa Taita Taveta. Mara nyingi ni mama mwenye matatu moja ya kwenda Mwatate, aliyeinunua kwa mkopo wa sako na bado anaulipa. Mara nyingine ni kijana mwenye bodaboda mbili, moja akiendesha mwenyewe na nyingine amempa binamu yake. Ni shule ambayo mtoto ameanguka kwenye ngazi zake. Ni mfugaji ambaye ng'ombe wake alikata kamba usiku na kuingia barabarani. Ni mchimbaji mdogo wa vito kule Kasigau aliyeajiri vijana watatu, na shimo likaporomoka. Hawa si matajiri. Hukumu moja ya milioni mbili inaweza kumwondoa mtu kwenye shamba alilorithi kwa babu yake.

Na usidhani bima ni ukuta usiobomoka. Sheria ya bima ya magari kwa ajili ya watu wengine, Sura ya 405, imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Ikizidi hapo, anayefuatwa ni mwenye gari. Tena kampuni za bima nazo hufa. Wenye matatu wa umri wangu wanaikumbuka United Insurance ilivyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Ulilipa kila mwezi, stika ikang'aa kwenye kioo, halafu siku ya siku ukajikuta uko peke yako. Siku kama hiyo mtu huhitaji wakili anayejua kazi, wa karibu, anayepokea simu.

Sheria yetu nayo haijamtupa mdaiwa. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 107, inasema anayedai ndiye anayethibitisha. Nchini Kenya kuumia peke yake hakutoshi kukupa fidia. Lazima uonyeshe uzembe wa yule unayemdai, na uonyeshe kwamba uzembe huo ndio uliokuumiza. Mahakama Kuu ililisema hili waziwazi katika kesi ya Statpack Industries mwaka 2005, kesi ya mfanyakazi aliyeumia kazini: si kila jeraha la kiwandani ni kosa la mwajiri. Mtu anaweza kuliona jambo hili kuwa la kikatili. Mimi naona ndilo linalomwezesha mama wa matatu alale usiku.

Sasa tuingie kazini, maana hamasa bila kazi ni ngoma ya mdomo.

Kazi inaanza na karatasi moja: samansi. Ninaowaonea huruma zaidi katika biashara hii ni watu wanaopokea samansi na kuiweka chini ya godoro, wakitumaini itachoka na kuondoka. Haichoki. Usipofika mahakamani kwa njia ya hati na usipoweka utetezi wako ndani ya muda, kwa kawaida siku 14 baada ya kuandikisha kwamba umefika, mdai anaomba hukumu iingizwe bila wewe. Kisha siku moja dalali wa mahakama yuko mlangoni, anahesabu viti. Methali ya mtaka cha mvunguni watu huitumia kuhimiza bidii. Kwa wakili wa utetezi ina maana yake halisi kabisa, kwa sababu kazi yako ya kwanza ni kuinama na kuitoa ile samansi mvunguni mwa mteja kabla muda haujaisha.

Ukishaipata, tazama tarehe. Kabla hujasoma nani aligonga nani, hesabu. Dai la uzembe lina miaka mitatu tangu tukio. Dai kama hilo dhidi ya serikali lina miezi 12 tu. Kesi zimeisha hapo hapo, kwa kalenda, kabla shahidi mmoja hajaapishwa. Kijana aliyezoea kuhesabu mbuzi wa baba yake kila jioni bila kukosea ana kipaji ambacho chuo kikuu hakifundishi.

Halafu uende. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa masikio yote mawili.

Tuseme bodaboda imegonga nyuma ya trela iliyosimama kando ya barabara, Maungu, saa moja usiku. Abiria amevunjika mguu. Anamdai mwenye trela: gari lilisimama bila taa, bila alama. Mteja wako ni mwenye trela, na dereva wake anaapa kwamba aliweka pembetatu. Wakili wa mbali ataandika utetezi uleule aliouandika kwa kesi kumi zilizopita, akibadilisha majina: tunakanusha, tunakanusha, na kama ajali ilitokea basi ni kosa la mwenye pikipiki. Wewe utapanda matatu ya Maungu. Utasimama pale saa moja usiku, saa ile ile. Utaona kama taa za maduka zinafika barabarani. Utamwuliza muuza chai, kwa Kiswahili cha hapa au kwa Kidawida kama ndicho kinachomlegeza ulimi, kama trela ile ilikuwa imesimama tangu mchana. Utapima upana wa bega la barabara kwa hatua zako, kisha kwa futi. Utauliza kama pikipiki ilikuwa na taa ya mbele, na iliwabeba watu wangapi. Huenda ukagundua walikuwa watatu. Huenda pia ukagundua dereva wako amekudanganya, na kwamba pembetatu zilikuwa zimelala ndani ya kibanda cha trela siku hiyo nzima.

Zote mbili ni habari njema. Ya kwanza inapunguza dhima, kwa kuwa sheria inaruhusu lawama igawanywe kwa asilimia kati ya aliyeumiza na aliyejiumiza, na mahakimu wetu huigawa kila wiki, 80 kwa 20, 70 kwa 30. Ya pili inakuwezesha kumpigia simu mteja mapema umwambie tukae mezani. Kinachoua kesi ni kutojua. Katika kesi ya Lakhamshi dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ya 1971, iliwekwa kanuni ambayo hadi leo inawaadhibu wavivu: magari mawili yakigongana na ushahidi usiweze kuonyesha nani alikosa zaidi, lawama inagawanywa nusu kwa nusu. Mteja wako asiye na kosa analipa nusu kwa sababu hukwenda Maungu.

Baada ya dhima kuna hesabu ya fidia, na hapa wengi husinzia. Gharama za hospitali na dawa lazima zitajwe kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa risiti. Kanuni hiyo imekuwapo tangu Hahn dhidi ya Singh, 1985, na bado kuna watu wanaleta jumla ya mviringo bila karatasi hata moja. Soma kila risiti. Tazama tarehe, kuna risiti zilizoandikwa kabla ya ajali. Omba majeruhi achunguzwe na daktari wa pili. Kwa aliyefariki, mahakama hukadiria miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, mapato yake, na sehemu aliyokuwa akiwapa wanaomtegemea. Kila tarakimu kati ya hizo tatu ina swali lake, na kuliuliza ni kazi yako. Liulize kwa adabu. Yule aliyeketi kizimbani amezika mume. Nimewaona mawakili vijana wakimhoji mjane kama wanaokamata mwizi wa kuku, na nimeona uso wa hakimu ukifunga. Sauti ya chini hupata jibu la kweli upesi zaidi.

Kaunti hii pia ina kesi zake, ambazo Nairobi huzisoma vitabuni.

Tuchukue mkonge. Kwenye mashamba ya Mwatate na Voi mtu anaweza kukatwa kidole na mashine ya kusaga majani kabla ya chai ya saa nne. Zamani aliyeumia alikwenda moja kwa moja mahakamani. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 ilibadilisha njia hiyo: dai hupelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Chama cha Wanasheria kilipinga, kesi ikapanda miaka yote hadi Mahakama ya Juu, na Desemba 2019 mahakama hiyo ikasema sheria ni halali. Bado utakutana na madai yaliyofunguliwa pasipostahili. Pingamizi la awali la kurasa tatu, lililoandikwa vizuri, linaweza kumaliza jambo hilo asubuhi moja, na kumwelekeza mfanyakazi kwenye mlango ambao kweli utafunguka.

Kisha wanyama. Mwaka 1898 simba wawili walikula wafanyakazi wa reli pale Tsavo hadi kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Simba wenyewe wako Chicago leo, wamekaushwa ndani ya jumba la makumbusho, na watalii wanalipa kiingilio. Kama ingetokea sasa, kungekuwa na kamati ya kaunti na fomu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 imetaja viwango: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai haya yana watu wa pande mbili. Aliyeuawa baba yake na ndovu shambani anastahili kulipwa bila kuzungushwa, na taasisi inayodaiwa inastahili kujua kwamba anayedai ndiye kweli aliyefiwa. Wakili wa serikali anayetoka Mgeno au Bachuma atalijua jambo hili kwa undani ambao kabrasha halina. Anajua shamba liko upande gani wa uzio. Anajua pia njaa inayomfanya mtu alale shambani kulinda mahindi, na hatathubutu kumwuliza mjane, "Kwa nini mumeo hakukimbia?"

Najua swali lililo moyoni mwako. Na kama mdaiwa ana makosa? Kama kampuni kweli imewatia watu sumu?

Mfano hauko mbali. Huko Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliugua kutokana na madini ya risasi ya kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Fikiria miaka hiyo yote upande wa utetezi, rufaa juu ya rufaa, huku watoto wakikua na sumu katika damu. Wakili wa utetezi aliye na uti wa mgongo huja mapema kwa mteja wake na kusema: hapa tumekosa, tulipe, tukae chini tujadili kiasi. Maneno hayo yanahitaji ujasiri kuliko hoja yoyote mahakamani, kwa sababu anayeambiwa ndiye anayekulipa. Naamini majeruhi wengi wa nchi hii wamelipwa upesi kwa sababu mtu fulani upande wa pili alifunga mlango na kumwambia mteja ukweli. Jina la mtu huyo huwa halifiki kwenye hukumu, kwa kuwa hukumu haikuandikwa.

Njia ya kufika huko ni ndefu, na sitaipaka asali. Ili usome shahada ya sheria kisha uingie Kenya School of Law, kwa kawaida unahitaji angalau C+ kwenye KCSE, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Umeyasikia hayo maneno ya mwisho? Kiswahili. Lugha hii unayoidharau darasani pale shule za Dr. Aggrey au Murray ni mlango kamili, na haiishii mlangoni: mahakama ya hakimu husikiliza kwa Kiingereza au Kiswahili, na shahidi wa bodaboda hatakujibu kwa Kiingereza. Baada ya miaka minne ya chuo kuna mafunzo Karen, mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria inayowaangusha wengi, na miezi sita ya uanagenzi chini ya wakili. Halafu siku ya kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu, mama yako amevaa leso mpya na hasikii hotuba hata moja kwa sababu analia.

Na siku inayofuata huna mteja. Hili nalo lisemwe. Kampuni za bima zina orodha ya mawakili wao, na kuingia humo huchukua miaka ya kazi safi. Utakuwa ukishika mafaili ya wengine, ukienda kutajwa kwa kesi na kuambiwa imeahirishwa kwa kuwa faili halionekani. Mfanye karani wa masijala rafiki, bila kumhonga. Soma hukumu, Kenya Law inazitoa bure mtandaoni, zikiwamo za Mahakama Kuu ya Voi. Wazee wetu walisafiri kilomita 150 na zaidi hadi Mombasa kusikilizwa rufaa. Wewe unazo hukumu hizo kiganjani kwa bando la shilingi 20. Soma moja kila usiku, na kila mara uliza swali moja tu: upande wa utetezi ulikosa kuuliza nini? Ukiona mahali ambapo Jaji ameandika kwamba mdaiwa hakuleta shahidi, weka alama. Utashangaa alama zitakavyojaa. Madereva hawakutafutwa. Picha hazikupigwa. Kidhibiti mwendo hakikusomwa. Rufaa iliwekwa baada ya siku 30 kupita. Yote hayo ni mambo ya miguu na kalenda, na wewe una miguu iliyopanda mlima Vuria.

Mahakama ziko wazi kwa umma. Hakuna anayekuuliza kitambulisho cha uwakili ili uketi nyuma. Jumatatu ijayo, kabla ya saa tatu, vaa shati lililopigwa pasi, zima simu, ingia mahakama ya Voi uchague benchi la mwisho. Kesi za ajali zitaitwa. Sikiliza shahidi anapotaja mahali: Ndi, Manyani, Maungu, kivuko cha Ikanga. Mahali unapopajua, andika. Andika pia swali ambalo wakili wa mdaiwa hakuliuliza. Ukitoka, chukua matatu hadi hapo, simama kando ya barabara, ujibu mwenyewe.